Mvinyo Mwekundu wa Uhispania kwa Bajeti ya Nairobi

Mtu aliyezoea mvinyo mtamu wa Afrika Kusini, ule unaojaa rafu za maduka ya vileo mitaani, akionja mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari ya kuhisika, wa Uhispania kwa mara ya kwanza husema neno moja: mchungu. Ndilo ninalolisikia kabla ya mengine yote kila watu wanapokaa kuonja pamoja, na karibu kila mara limebeba mambo manne tofauti. Kuna uchachu, unaojaza mate chini ya ulimi. Kuna ukakasi, unaokausha ufizi na kuvuta mashavu kwa ndani. Kuna moto wa kileo, unaoshuka kooni na kufika kifuani. Na kuna uchungu wenyewe, ule wa mbegu ya ndimu iliyotafunwa, ambao katika chupa hizi mara nyingi ni mdogo kuliko hayo matatu. Mwanzilishi akishayatenganisha, anachoandika kuhusu chupa kinaanza kumfaa msomaji. Kabla ya hapo, anachoandika ni kwamba amekosa sukari aliyoizoea.

Zoezi la kuyatenganisha hufanyika jikoni, bila mvinyo, siku moja kabla. Mimina maji yaliyochemka kwenye vikombe viwili, mililita 200 kila kimoja, na utie pakiti moja ya chai katika kila kikombe. Toa ya kwanza baada ya dakika 2, ya pili baada ya dakika 10. Acha ipoe bila sukari wala maziwa. Kikombe cha pili kitakukausha kinywa, na huo ndio ukakasi: huletwa na tanini, ambazo katika mvinyo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa. Halafu kamulia nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwenye glasi ya maji, unywe taratibu uone mate yanavyotoka. Mwisho, koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, katika lita nzima ya maji. Hiyo ni kama gramu 4, na ndicho kiwango ambacho kwa kanuni za Umoja wa Ulaya mvinyo mkavu kwa kawaida hauruhusiwi kukivuka, ingawa unaweza kufika gramu 9 uchachu wake ukiwa mkubwa. Utamu wake ni wa kutafuta. Soda ya kawaida ina takriban gramu 100 kwa lita. Baada ya kuonja maji hayo, hutaulaumu mvinyo mkavu kwa kukosa kitu ambacho haukuahidi.

Bei nafuu hapa nina maana ya chupa ya mililita 750 isiyozidi shilingi 2,000. Uhispania ina eneo kubwa la mashamba ya mizabibu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa ya eneo hilo iko La Mancha, uwanda mpana ulio kusini mwa Madrid. Mvua kule ni haba, kwa hiyo magonjwa ya ukungu ni machache, na vyama vya ushirika hukamua zabibu za wakulima wengi kwa pamoja. Mvinyo unaotoka huko ukiwa mchanga, bila kupita kwenye pipa, hauna gharama kubwa ya kutengeneza, na hilo halina aibu. Pipa ndilo linalopandisha bei. Pipa la kawaida la mwaloni hubeba lita 225, yaani chupa 300. Lenyewe ni ghali, na mvinyo unapolala ndani mwaka mzima hakuna anayeingiza pesa. Ndiyo maana, kwa bajeti hii, napendelea chupa changa iliyotengenezwa vizuri kuliko ile inayojitapa kwa mwaloni huku tunda lake, yaani ladha ya matunda, ni jepesi. Tangu 2006 kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu vipande vya mwaloni kutiwa ndani ya mvinyo badala ya kuulaza kwenye pipa, ingawa maeneo kama Rioja yamevikataza. Harufu kali ya vanila kwenye chupa ya bei ya chini sana, isiyotaja pipa popote, mara nyingi imetoka huko.

Lebo husaidia ukijua maneno machache. Tinto ni mwekundu. Cosecha na mwaka wake ni mavuno. Joven ni mchanga, usio na pipa au uliokaa humo muda mfupi tu. Roble umepita kwenye mwaloni kwa miezi michache. Crianza, Reserva na Gran Reserva yanalindwa na sheria na hutumika kwa mvinyo wa maeneo yaliyosajiliwa. Crianza mwekundu ni lazima uwe umetunzwa miaka 2 kabla ya kuuzwa, na angalau miezi 6 kwenye mwaloni; Rioja wanadai mwaka mzima kwenye pipa. Reserva ni miaka 3, mmoja wake kwenye pipa. Gran Reserva ni miaka 5. Rioja hurahisisha zaidi kwa stempu iliyobandikwa nyuma ya chupa: kijani ni mvinyo usio na daraja la umri, nyekundu ni Crianza, rangi ya damu ya mzee ni Reserva, buluu ni Gran Reserva. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokuambia mvinyo ni mzuri kinywani. Yanakuambia umekaa wapi na kwa muda gani. Maneno ya viñas viejas, mizabibu mizee, hayana kipimo kimoja cha kisheria kwa nchi nzima, basi usiyalipie zaidi.

Zabibu ndizo zitakazoamua kama utaipenda chupa. Tempranillo ndiyo mama wa nyekundu za Uhispania na hubadilisha jina kila mkoa: La Mancha na Valdepeñas huitwa Cencibel, Ribera del Duero ni Tinto Fino, Toro ni Tinta de Toro, Catalonia ni Ull de Llebre. Ikiwa changa, hutoa plamu, forosadi na wakati mwingine harufu ya jani bichi. Uchachu wake ni wa wastani na ukakasi unavumilika. Garnacha, hasa ya Campo de Borja na Calatayud katika mkoa wa Aragón, ni laini zaidi kwenye ufizi, ina stroberi zilizoiva sana, lakini kileo chake hufika asilimia 14 au 15 na moto wake husikika. Monastrell ya Jumilla na Yecla, kusini-mashariki kwenye joto, ni nyeusi na nzito, kama zambarau zilizochemshwa na pilipili manga. Bobal ya Utiel-Requena, bara kutoka Valencia, ina rangi nzito na uchachu wa kutosha kukuamsha. Anayetoka kwenye mvinyo mtamu namshauri aanze na Garnacha, kwa sababu tunda lake lililoiva linamkaribisha bila sukari. Mpenda turungi iliyokolea aende moja kwa moja kwa Monastrell, kwani ulimi wake umeshazoea ukakasi.

Kuna Tempranillo changa za Rioja Alavesa zinazochachushwa zabibu zikiwa nzima, hazijapondwa. Hizo hunukia ndizi mbivu na peremende za stroberi. Ndiyo njia ya utengenezaji, wala chupa haijaharibika.

Dukani, kagua chupa kabla ya kukagua bei. Mvinyo huu umevuka bahari kwenye kontena, ukashushwa Mombasa penye joto, kisha ukapanda hadi Nairobi. Huenda pia umesimama siku nyingi chini ya taa ya rafu ya juu au kwenye dirisha linalopigwa na jua. Joto huvimbisha mvinyo na kusukuma kizibo. Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa: kizibo kikiwa kimeinua karatasi ya juu, au kukiwa na utandu wa kunata shingoni, iache. Inua chupa uone kimo cha mvinyo. Katika chupa changa unapaswa kuwa shingoni, si mabegani. Chagua chupa ya nyuma ya rafu kuliko ya mbele, ya chini kuliko ya juu. Kwa mvinyo wa joven, chagua mavuno ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Joven ya miaka saba haijapata hekima yoyote, imepoteza tunda tu, na mara nyingi ndiyo inayowekwa kwenye ofa. Angalia pia stempu ya ushuru ya KRA na uipime kwa programu ya Soma Label kwenye simu, hasa ukinunua kwenye duka dogo usilolijua.

Sasa tufike kwenye halijoto, ambako chupa nyingi nzuri huhukumiwa kwa kosa lisilo lake. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye baridi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai sebule inaweza kukaa kwenye nyuzi 18 au 19, karibu kabisa na inavyotakiwa. Lakini Februari alasiri, kwenye ghorofa ya juu kabisa au chini ya mabati, chupa iliyokaa mezani hufika nyuzi 26 au zaidi. Katika joto hilo kileo huruka kwa wingi kuliko harufu za tunda, pua inachomwa, na Garnacha ya asilimia 14.5 inanuka kama dawa ya kusafishia kidonda. Mtu anaandika "pombe kali, haina ladha," kumbe ameonja hali ya hewa. Ukikosea upande wa pili, ukautoa mvinyo moja kwa moja kwenye friji ukiwa na nyuzi 5, harufu hulala na ukakasi pamoja na uchachu hujitokeza kwa ukali, ndipo anaandika "mchungu sana."

Lenga nyuzi 14 hadi 16 kwa mvinyo mchanga na 16 hadi 18 kwa Crianza. Chupa iliyokuwa kwenye nyuzi 23 iweke ndani ya friji kwa dakika 40 hivi, kwenye rafu na siyo mlangoni. Kama wageni wameshafika, jaza ndoo nusu maji na nusu barafu, uzamishe chupa hadi shingoni kwa dakika 8 hadi 10. Barafu bila maji hupoza polepole, kwani vipande vinagusa chupa sehemu chache tu. Kwa vipimo vya uhakika tumia kipimajoto cha jikoni chenye sindano, na upime mvinyo ulio ndani ya glasi. Ukikuta umepoa kupita kiasi usihofu; viganja viwili vikilikumbatia tumbo la glasi kwa dakika chache vinatosha, tena kuuonja unapopanda taratibu kutoka nyuzi 12 hadi 18 ni somo zuri kuliko maelezo yoyote.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba kidogo, isiyo na nakshi. Kikombe na bilauri huachia harufu itoroke. Muhimu zaidi ni kwamba glasi zote zifanane na zisiwe na harufu: sabuni ya vyombo, kitambaa cha jikoni chenye unyevu na kabati la mbao vyote hubaki kwenye kioo. Suuza kwa maji ya moto, kausha kwa kitambaa safi, kisha unuse glasi tupu kabla ya kumimina. Jirani anapokaanga vitunguu na dirisha liko wazi, ngoja. Marashi, udi, moshi wa jiko na dawa ya meno vyote vinaharibu kipimo. Saa nne au saa tano asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, pua na ulimi viko macho kuliko usiku.

Kufungua si jambo gumu. Kata karatasi chini ya mviringo wa pili wa shingo, ingiza ncha ya kizibuo katikati kabisa ya kizibo, zungusha hadi kubaki pindi moja, halafu vuta wima. Vizibo vya bei nafuu vingi ni chembechembe za gome zilizobanwa pamoja, na hukatika ukiingiza kizibuo upande. Kikikatika, sukuma kilichobaki ndani kisha mimina kupitia chujio safi la chai. Kifuniko cha kuzungusha hakina ubaya wowote, na kwa mvinyo mchanga mimi hukipokea kwa furaha.

Mimina mililita 50, kama theluthi ya glasi ndogo. Chupa moja itatosha watu kumi na wawili kuonja na kidogo kibaki cha siku ya pili. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: zambarau pembeni ni uchanga, rangi ya tofali ni umri, na katika joven hiyo rangi ya tofali ni dalili ya kuchoka. Michirizi inayoteremka kwenye kioo inahusu kileo na sukari, haihusu ubora. Nusa kwanza bila kuzungusha, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza hapo. Kisha weka kitako cha glasi mezani, zungusha mara tatu au nne na unuse tena, kwa pumzi fupi.

Vuta kinywaji kidogo, kama kijiko kikubwa kimoja, ukikalize ulimini kwa sekunde tano, uvute hewa kidogo juu yake, kisha uteme kwenye kikombe. Kutema si dharau. Ndiyo njia pekee ya kuipa chupa ya nne haki iliyopewa ya kwanza. Baada ya kutema, hesabu kimoyomoyo ladha inakaa sekunde ngapi. Chini ya tano ni mfupi, kumi kwa bei hii ni nzuri, zaidi ya hapo weka alama ya kurudi dukani. Kati ya chupa moja na nyingine kunywa maji na ule tonge ya ugali mkavu, ambao hauna chumvi wala mafuta, kwa hiyo hauibebi ladha kwenda mbele.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha kubana pua. Wengi husema mvinyo fulani "ni mtamu kidogo" wakati hauna sukari. Kilichowadanganya ni harufu ya vanila au ya stroberi. Bana pua kwa vidole, onja, bado ukiwa umebana. Utamu wa sukari utabaki ulimini. Utamu wa harufu utapotea wote, na utarudi mara tu unapoachia.

Kasoro zinatambulika. Mvinyo ulioshikwa na kizibo kibovu hunuka katoni iliyolowa au stoo yenye ukungu, na tunda lote linakufa. Hauponi kwa kupewa hewa, bali huzidi. Ulioungua kwa joto unanukia jamu iliyochemshwa na zabibu kavu, na kinywani hauna uhai. Ulioingiwa na hewa hufifia rangi na kunuka tufaha lililokatwa jana. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni kazi ya bakteria. Harufu ya kiberiti kilichowashwa au yai viza ni nafuu: zungusha kwa nguvu, au mimina kwenye jagi na ungoje dakika 20, mara nyingi huondoka. Chupa yenye kasoro irudishe dukani na risiti siku hiyo hiyo, ikiwa bado imejaa. Usiitolee tathmini, ulichoonja ni ajali ya chupa moja. Maneno contiene sulfitos si onyo la kasoro. Sheria inadai yaandikwe salfaiti zikizidi miligramu 10 kwa lita, na karibu kila mvinyo duniani unazo, japo mwenye pumu ana haki ya kuwa mwangalifu.

Onja peke yake kwanza, halafu na chakula, na uandike yote mawili, kwa sababu chupa nyingi za Uhispania hazikutengenezwa zinywewe bila sahani. Mbuzi choma ndiye rafiki wao mkubwa: protini hushika tanini kabla hazijashika ufizi wako, na chumvi inapunguza uchungu. Mutura na Monastrell vinaelewana kabisa. Pilau yenye karafuu na mdalasini inapokea Crianza, kwani mwaloni nao huleta harufu za viungo. Chapati na maharagwe vinatosheka na joven. Kachumbari yenye ndimu huufanya mvinyo uonekane mpole, lakini pilipili iweke kando. Inaongeza moto wa kileo. Managu huongeza uchungu juu ya uchungu. Omena na samaki wa kuchemshwa au wa kukaanga waache kabisa: madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu huamsha shombo, na kinywa hubaki na ladha ya sarafu.

Ukifika kwenye kuandika, andika papo hapo, kabla hujamsikiliza mwenzako. Taja mtengenezaji, eneo, zabibu, mwaka, asilimia ya kileo, bei na duka, kisha halijoto ya mvinyo na muda uliokaa wazi. Mambo hayo ya mwisho hayaandikwi na wengi, na ndiyo yanayomwezesha msomaji kurudia ulichofanya. Kwa harufu, tumia matunda uliyoyala. Vitabu vya mvinyo vimejaa cheri nyeusi na beri ambazo wengi wetu hatujawahi kuzigusa. Mwandishi wa Nairobi anayezinakili haelezi chochote. Nenda Marikiti au City Park, nusa zambarau, forosadi, ukwaju, tende, plamu zile zinazouzwa kando ya barabara ya Naivasha. Ngozi mpya inanuka kila siku Kariokor. Vumbi lililonyeshewa mvua ya kwanza linajulikana na kila mtu.

Maelezo mafupi ya Tempranillo changa ya La Mancha yanaweza kusomeka hivi: "Nyuzi 15, chupa ilifunguliwa nusu saa kabla. Nyekundu ya zambarau pembeni. Pua: plamu, forosadi, jani bichi kidogo baada ya kuzungusha. Mkavu; uchachu wa wastani, ukakasi mdogo kama chai ya dakika mbili, moto hauonekani ingawa kileo ni asilimia 13. Ladha hubaki sekunde sita. Peke yake ni mwepesi mno. Na mbuzi wa chumvi ulijaa kinywa. Ningenunua tena kwa shilingi 1,200, nisingenunua kwa 1,800." Hakuna sifa hapo, na msomaji anajua kama ni chupa yake. Alama za nyota zinaweza kufuata, ila zisitangulie.

Linganisha chupa mbili kila inapowezekana: joven na Crianza za eneo moja, au Garnacha na Tempranillo za bei moja. Zifunge kwa gazeti na uzipe namba, mwingine amimine. Bei ikifichwa, ulimi husema ukweli ambao lebo haiupendi.

Na kiasi kifahamike. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 14 ina mililita 21 za kileo halisi, sawasawa na chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2. Chupa nzima ya mvinyo ni Tusker tano. Anayeonja bila kutema asiguse usukani; kifaa cha alkoblo hakiulizi kama ulikuwa kwenye tathmini.

Kilichobaki, kiandikie siku ya pili. Mimina kwenye chupa ndogo safi ya kioo hadi ikaribie kujaa, ili hewa isipate nafasi, funga na uweke kwenye friji. Joven nzuri inavumilia siku mbili au tatu. Ikiwa imepoteza uhai asubuhi iliyofuata, hilo nalo liandike. Monastrell na Bobal mara nyingi hulainika na kunoga zaidi siku ya pili, na tathmini ya glasi ya kwanza pekee inazinyima haki. Ukishindwa kabisa kuipenda, Wahispania wenyewe huchanganya mvinyo wa bei nafuu na kola, nusu kwa nusu, juu ya barafu nyingi, wakaita calimocho. Hutakuwa umevunja mwiko. Au tumia mililita 150 kwenye nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya mchuzi: tia baada ya kitunguu kugeuka rangi na nyama kushika joto, acha ichemke bila kifuniko hadi harufu kali ya kileo iishe, kisha ongeza nyanya na maji. Usipikie kwenye sufuria ya alumini kwa saa nyingi. Asidi ya mvinyo inakula alumini iliyo wazi na mchuzi unapata ladha ya chuma. Ya chuma cha pua au yenye enameli ndiyo ifaayo.